Okestra Inayongoja

4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Bado niko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ukiona mwandiko wangu baada ya miaka yote hii utadhani unaitwa mazishini. Daktari ananipa hadi mvua zijazo. Simbishii, ila nimekaa chini ya waongozaji wengi wa okestra ambao hesabu zao hazikufika mwisho pamoja na za wenzao, kwa hiyo hata za daktari nazipokea kwa tahadhari.

Ninaishi kwa mwanangu, chumba cha juu. Mkaza mwanangu amenitengenezea meza kwa ubao wa kupigia pasi. Anaushusha mpaka usawa wa kitanda, nami naandika. Chini ya dirisha yuko fundi baiskeli. Kila akimaliza kazi anajaribu kengele, na mpaka leo sijasikia kengele mbili zinazopatana. Hiyo ndiyo okestra yangu siku hizi.

Ile nyingine, yetu, inatimiza miaka sitini mwezi wa Juni, na uongozi unachapisha kitabu cha historia yake. Mkurugenzi wa sasa, kijana mmoja anayevaa viatu bila soksi, alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda changu. "Mzee," akasema, "sura ya Mwongozaji ni yako. Wewe ndiye uliyekuwa fidla ya kwanza miaka yake yote. Tukimpa mwingine atatunga." Sura yenyewe wameshaipa jina: "Sikio". Unakumbuka magazeti yalivyokuwa yakimwita baba yako. Sisi tulimwita Mwongozaji mbele yake, nyuma yake wapiga tarumbeta walimwita Kondakta, na akiingia tu ukumbini na kijiti chake mmoja wao ananong'ona, "Nauli mkononi, jamani." Alijua. Alikuwa akicheka kwa mabega.

Wanataka hasa nieleze kungoja kwetu. Nimeanza hivi, kwa ajili ya wasiojua: Katika okestra nyingine, kijiti kikishuka sauti inatoka. Katika okestra yetu kijiti kinashuka, pumzi moja inapita, ndipo sauti inatoka. Watu wamesafiri kutoka mbali kuja kuisikia pumzi ile. Wasomi wameiandikia vitabu. Waongozaji wageni wakija mara ya kwanza, wanashusha mkono, hawasikii kitu, wanaanza kutoka jasho, kisha sisi hao tunaingia na kuwaokoa. Na kila mtu anasema ni baba yako aliyetufundisha, kwamba sikio lake lilikuwa kali kiasi cha kutaka kuusikia ukimya kwanza.

Kwako naomba ukurasa mmoja tu. Baba nyumbani: alikuwaje mezani, alikusikilizaje ukifanya mazoezi. Na Juni uje, ukae safu ya mbele. Najua hujakanyaga ukumbi ule tangu ulipokosa nafasi kwenye usaili, ukiacha siku ya mazishi. Lakini ni zamani, mwanangu. Nani hajakosa usaili? Mimi nilikosa mara mbili, na mara ya pili nilimkanyaga mwamuzi mguu.

Msalimie mumeo.

Baba mdogo wako,
Upinde


19 Februari

Baba mdogo, shikamoo.

Habari za ugonjwa zimenisikitisha, na hiyo ya ubao wa pasi imenichekesha, kwa hiyo nimekaa hapa sijui nishike lipi. Mume wangu anakusalimu.

Ukurasa huo sitaandika, na Juni sitakuja. Mkurugenzi nitamjibu kwa mstari mmoja. Wewe nakujibu kwa urefu kwa sababu ni wewe uliyeninunulia upinde wangu wa kwanza.

Unasema nilikosa nafasi kwenye usaili kama mtu aliyekosa basi. Nilijiandikisha kwa namba, kama wote. Baba sikumwambia, nilitaka ashangae. Desturi yenu unaijua kuliko mimi: pazia kutoka ukuta hadi ukuta, waamuzi watano upande wa pili, na anayesailiwa anavua viatu mlangoni ili hata mlio wa hatua usiwaambie kama ni mwanamume au mwanamke. Hakuna kusema neno. Nilipita na soksi kwenye mbao zile, nikakaa, nikaishika selo kati ya magoti, nikapiga.

Wengine hawakuwa na njia ya kunijua. Lakini yeye? Nilikua nikilala chini ya piano yake. Alikuwa mtu wa kusimamisha okestra nzima ili amwambie mpiga fidla wa safu ya mwisho kwamba uzi wake mmoja umelegea. Mtu wa namna hiyo hamjui mwanawe kwa kuvuta upinde mara moja? Alinijua, Baba mdogo. Hili sijamwambia mtu yeyote isipokuwa mume wangu. Alinijua, na akanikataa. Mlitangaza wenyewe kwamba kura zilikuwa mbili kwa mbili, na kura ya kukata ni ya Mwongozaji.

Nilitoka nyuma ya pazia na viatu mkononi. Nikamwambia, "Baba, ni mimi." Akaniangalia. Akakusanya karatasi zake akatoka kwa mlango wa pembeni. Hata pole sikupewa.

Miaka mitatu baadaye alikuja huku kwenye tamasha letu. Nilimwona safu ya nyuma, na wewe pembeni yake. Kabla makofi hayajaisha mlikuwa mmeshaondoka. Nikasema, haya, amekuja kuhakikisha kwamba hakukosea. Mwaka uliofuata ukanipigia simu kwamba amefariki.

Sijalala njaa, nimefundisha, nimepiga katika okestra yetu ndogo, nina mume anayenivumilia. Lakini kila nikishika upinde mbele za watu, nahisi kuna mtu mmoja kwenye viti anayenijua kuliko wote, na hanitaki. Nina miaka hamsini na tano na bado nahisi hivyo. Kwa hiyo msinitafutie mimi maneno ya kulisifu sikio lake.

Pona, tafadhali.

Chiriku


2 Machi

Mwanangu,

Niliisoma barua yako, nikamwomba mkaza mwanangu aniondolee ubao, nikageukia ukutani. Akauliza kama ni maumivu. Nikasema ndiyo, maana lilikuwa jibu fupi. Leo nimeuomba ubao urudi.

Baba yako hakukujua. Hakukujua kwa sababu hakukusikia, wewe wala mwingine yeyote siku ile. Alikuwa kiziwi.

Nimeliandika neno hilo kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na mkono haujapooza. Basi niendelee.

Tuligundua ukiwa mwaka wa kwanza chuoni. Ilikuwa mazoezi ya asubuhi. Unamkumbuka Mama Obo, yule mama mwembamba aliyepiga obo na kutugawia pipi za koo. Alikuwa na kipande chake cha peke yake, sisi wengine tumenyamaza kama nota zinavyotaka. Akapuliza, na ule ulimi wa mwanzi mdomoni mwake ukapasuka. Hakikutoka kitu. Ukumbi mzima kimya. Na baba yako pale juu anaendelea kuongoza, amefumba macho nusu, anatabasamu. Kipande kilipokwisha alifungua kiganja kumwelekea Mama Obo, vile alivyofanya akipendezwa sana. Alimshukuru kwa muziki ambao haukupigwa.

Wakati wa mapumziko hakuna aliyegusa chai. Mpiga ngoma kubwa, Mzee Radi, ndiye aliyefungua kinywa. "Kumbe! Na mimi mwaka mzima naipiga hii ngoma kama ninaua nyoka, nasema leo atanikemea, leo atanikemea!" Watu wakacheka, kisha Mama Obo akaanza kulia, na wapiga tarumbeta, wale wa nauli, wakawa wanaangalia viatu vyao.

Hakuna aliyependekeza apelekwe kwa uongozi. Mtu yule alikuwa ametuokota mmoja mmoja. Mzee Radi alikuwa akipiga kwenye baa. Mimi nilikuwa karani wa bandarini mwenye fidla ya kuazima. Tukakubaliana: macho kwa kijiti, kwa heshima; kuingia, kwa Upinde. Yeye akishusha mkono, mimi naangalia kama mkono umeanguka mahali pake, maana siku hizo ulikuwa ukiteleza, kisha nashusha upinde, na wote wananifuata. Muda wa mimi kuangalia na kuamua, ndiyo hiyo pumzi. Ndiyo hiyo iliyoandikiwa vitabu.

Alitugundua mapema kuliko tulivyodhani. Masikio yalikufa, macho hayakufa. Siku moja alibaki nyuma wakati nafunga fidla. "Upinde," akasema, "mikono yenu inachelewa." Nikaendelea kufunga. "Mnaningoja," akasema. "Sikulaumu. Inapendeza kuitazama." Akakaa kwenye kiti cha Mama Obo. Kisha akaniomba jambo moja: wewe usijue. "Mtoto akijua ataacha chuo aje awe masikio yangu. Namjua. Atanishika mkono kunivusha barabara na selo itaota vumbi." Nikamwahidi.

Sasa usaili. Kura inahitaji masikio, na yake yalikuwa yangu. Tulipatana kwa penseli. Nikiilaza mezani ncha ikielekea pazia, anakubali. Ncha ikinielekea mimi, anakataa. Kwa njia hiyo tuliwachukua watu wengi, na wazuri.

Siku yako, ncha ilinielekea mimi.

Kwa hiyo aliyekukataa ni mkono huu. Sikujua kuwa ni wewe. Yeye pia hakujua, mpaka ulipotoka na viatu mkononi. Nilikuwa nimekaa karibu naye, niliuona uso wake. Ulisema kitu, ulikuwa unalia, kinywa kimepinda, hakuweza kuisoma midomo yako kama alivyozoea kuisoma yetu. Alizikusanya karatasi ili mikono ipate kazi. Nje, kwenye ngazi za nyuma, alinikamata koti. "Ni Chiriku? Niliyemkataa ni Chiriku?" Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa pale pale kwenye ngazi, na suti yake ya kazi, akaniambia, "Nieleze alivyopiga." Nikakaa karibu naye nikampigia kipande chako kwa vidole juu ya paja lake, mstari kwa mstari, ulipolegeza na ulipokaza. Alitaka nirudie. Wafagizi walitupita na mafagio yao, wakadhani tumelewa.

Angeweza kukufuata siku ile. Lakini kukwambia ni kusema kwamba hasikii, na kusema hivyo ni kubatilisha usaili wako na wa wote waliochukuliwa kwa penseli, na kumfukuza yeye. Aliogopa. Simtetei. Alisema, "Akirudi likizo nitamwambia nyumbani, taratibu." Hukurudi likizo.

Kwenye tamasha lenu alikuja kukuangalia. Alilipa tiketi zetu mwenyewe. Hakuondoa macho kwenye mkono wako wa kulia, na katikati ya wimbo wa pili alinibana kiwiko, akasema kwa sauti kubwa, maana hakujua tena sauti yake ni kubwa kiasi gani, "Mkono wake umetulia!" Watu wakageuka. Tuliondoka mapema kwa sababu alijua utamfuata mlangoni, katikati ya kelele za watu, utamwambia neno naye hatalijibu, na utaona amekudharau mara ya pili. Kumbe uliona hivyo hivyo.

Alipofariki, ahadi yangu iliisha. Nilipaswa kuja kwako wiki ile ile. Lakini sahani zetu za santuri zilikuwa zinauzwa, vijana wanakuja kutoka nchi nyingine kujifunza kungoja, na mimi nikajiambia: amezikwa na sifa yake, okestra inakula kwa sifa hiyo, na hasira ya kukosa nafasi hupoa. Mpaka barua yako hii sikuwahi kuwaza kwamba unaamini alikujua. Nilijua hasikii, jambo la yeye kukutambua kwangu halikuwezekana, basi halikunipitia kichwani hata mara moja. Nimeishi na siri ile mpaka nikasahau kwamba wewe ulikuwa nje yake.

Mimi nihukumu utakavyo. Ila yeye usimwache pale ulipomweka.

Sura ya "Sikio" nimeisimamisha. Kama tutasema ukweli au tutaendelea na ule mwingine, ni wewe utakayeamua, na nitaandika hivyo hivyo.

Upinde


20 Machi

Chiriku,

Barua yangu ilifika? Mwanangu anasema posta siku hizi ni ya kobe. Mkurugenzi amepiga simu kuuliza habari za sura yake. Nikamwambia nasubiri. Akacheka, akasema, "Mzee, nyinyi na kungoja kwenu." Kijana wa watu, hana kosa.

Usiku napewa dawa inayonifanya niandike vibaya, kwa hiyo naandika asubuhi. Kama hutaki kunijibu, basi hata karatasi tupu kwenye bahasha. Nitaelewa kuwa imefika.

U.


26 Machi

Baba mdogo,

Imefika. Ilifika zamani.

Sikuweza kukujibu kwa adabu, nikasema basi nisijibu. Wiki ya kwanza nilikukasirikia wewe. Wiki ya pili nikawakasirikia wote, mmoja mmoja: Mzee Radi, wapiga tarumbeta, hata Mama Obo na pipi zake. Watu sabini walijua! Sabini walimtunza baba yangu, na mimi niliyekuwa nikimwandalia chakula likizo nzima nilikuwa mgeni. Ukasema mlinificha ili nisiache selo. Nani aliwaambia kwamba kuchagua kulikuwa kwenu?

Sasa nakumbuka mambo, yanakuja moja moja nikiwa naosha vyombo. Nilimwambia mezani kwamba naogopa mtihani wa mwaka wa pili, kwamba mikono inakufa ganzi nikikaa mbele ya walimu. Akasema, "Vizuri, vizuri," akaomba chumvi. Nililia chumbani. Nilimwomba anisikilize nikipiga, akasema kesho. Kila siku kesho. Na nilikuwa nimemsogezea kiti kabisa. Nilidhani nimemchosha. Kumbe alikuwa anaogopa kukaa kwenye kiti kile.

Mume wangu ananiambia, "Sasa si una jibu? Baba hakukukataa." Kweli. Lakini jibu hilo limefungua mlango na nyuma yake kuna swali lingine, na ni wewe peke yako duniani unayeweza kulijibu, na daktari wako anahesabu. Kwa hiyo naliuliza wazi, na nakuomba usinihurumie. Umenificha vya kutosha kwa huruma.

Wewe ulisikia. Ulikuwa na masikio mazima na hukujua ni mimi. Nilipiga vipi?

Chiriku


2 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Mkaza mwanangu ananiandikia leo, mimi nasema. Mkono unatetemeka sana. Ameapa hatabadilisha neno. Ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo atabadilisha tahajia tu.

Umeomba nisikuhurumie. Haya.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri. Nyuzi za chini ulizipiga kama mtu mzima. Mama Obo alikaa wima. Yeye alikupa kura yake, na mpaka anakufa alinilaumu. Lakini ukurasa wa pili ulikimbia. Ulikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Uliruka pumziko moja zima. Palipotakiwa kunyamaza, wewe ulikuwa umeshafika ng'ambo. Na katika zile nota za juu mkono wa kushoto ulikuwa haujafika bado. Sauti ilikuwa juu kidogo ya mahali pake, mara zote tatu.

Kijana aliyekufuata, namba iliyofuata, hakuwa na nyuzi zako za chini. Ila alifika mwisho pamoja na yeye mwenyewe. Tulimchukua yeye. Alikaa kiti kile miaka ishirini na sita, na sijawahi kujuta. Ungetaka niseme kwamba nilijuta?

Ulikuwa hujaiva. Ungeiva kwa mwaka mmoja, labda miwili. Kama ungerudi usaili uliofuata, ncha ya penseli ingeelekea pazia, hilo nalijua kwa sababu nilikusikia kwenye tamasha lenu, na yeye akaona kwa macho kile nilichosikia mimi. Lakini siku ile, hapana. Na kama ningejua ni wewe, ningegeuza penseli. Ningekupa kiti kwa upendo, ungekaa kwenye kiti kilichokuzidi, na ungejua, maana mpiga muziki hajidanganyi.

Mkaza mwanangu ameacha kuandika, ananiangalia kwa jicho baya. Anasema, "Baba, mtu haambiwi hivyo." Namwambia aandike. Ameandika.

Baba mdogo wako

(Mimi mkaza mwana naongeza kwa hiari yangu: baada ya kusema haya alilala mchana kutwa kwa mara ya kwanza tangu Februari. Dada, kama amekuumiza, mwandikie hata hivyo. Hana muda mrefu.)


11 Aprili

Baba mdogo, shikamoo sana.

Mwambie wifi yangu asikukasirikie kwa niaba yangu. Na mwambie ahsante kwa kuandika.

Kwanza habari za kazi, maana mkurugenzi wako hana soksi wala subira. Sura iandike, na uandike yote. Mwanzi wa Mama Obo uliopasuka, Mzee Radi na nyoka wake, penseli, ngazi za nyuma. Andika kwamba hasikii na kwamba mlijua. Najua kuna watakaosema sifa ya okestra imeanguka, kwamba kumbe ile pumzi haikuwa hekima ya mtu mmoja bali watu sabini waliomsubiri mtu wao afike. Waseme. Mimi ningenunua tiketi ya okestra hiyo kabla ya ile nyingine. Jina la sura badilisha unavyotaka, ila "Sikio" hapana. Na usifiche kwamba aliogopa. Mtu aliyeogopa naweza kumpenda. Yule mwingine, anayesikia kila kitu na kunyamaza, ndiye aliyenishinda.

Nakuja Jumamosi kwa treni ya mchana. Mume wangu anabaki na wanafunzi. Amesema yeye hajui selo lakini anajua kupiga kelele. Nitalala popote, hata chini. Usimruhusu daktari kumaliza hesabu kabla sijafika.

Sasa la barua yako. Niliifungua jikoni, nimesimama. Nilipofika kwenye nyuki nilikaa. Niliruka pumziko zima! Miaka yote hii nimekisikia kipande kile kichwani kikiwa hakina doa, kwa sababu kama hakina doa ndipo kukataliwa kwangu kunaleta maana. Nikaichukua selo nikapiga ukurasa wa pili kama nilivyokuwa nikiupiga siku zile. Mkono unakumbuka, Baba mdogo. Unakimbia vile vile, na nota za juu, zote tatu, hapo ulipozisema.

Nililia kidogo, kwa ajili ya yule mtu kwenye ngazi anayepigiwa muziki kwenye paja. Halafu nikaanza kucheka, na kicheko kikakataa kuisha. Mume wangu akatoka chumbani na sabuni ya kunyolea kwenye shavu moja.

"Unacheka nini peke yako?"

"Nimefeli usaili."

"Usaili gani tena? Lini?"

"Nikiwa na miaka ishirini na nne."

Akaniangalia. "Na ndiyo unacheka leo?"

"Ndiyo kwanza nimepata majibu," nikamwambia.

Mwanao,
Chiriku